Hakunywa, Alichomwa

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Akonaay kijijini kwao Daudi, siku ya ukungu mzito kiasi kwamba waliokaa viti vya nyuma hawakuliona kaburi. Wasemaji walimtaja kama mzee wa kanisa, mkulima wa ngano na vitunguu saumu, mtu asiyependa maneno mengi. Hakuna aliyeitaja maabara, na siwalaumu, kwa sababu aliyoyafanya mle ndani yalionekana na watu wachache sana. Nilikuwa nimekaa na Fausta, ambaye hatukuwa tumeonana naye kwa miaka mingi. Amenenepa, kicheko chake ni kile kile. Wasemaji walipomaliza akaniinamia sikioni: “Na ule mwaka wetu, nani atausema?” Nikamwambia sisi hatumo kwenye ratiba. “Basi uandike,” akasema. “Wewe si ndiye uliyekuwa ukituchosha kwa kuelezaeleza?” Ndiyo maana naandika, na ninaomba msomaji anivumilie pale nitakapoeleza, maana bila maelezo hayo mwaka wenyewe hauna maana.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni na cheti cha maabara, nimepokelewa kwa muda wa majaribio kwenye hospitali moja ya huku juu milimani, ambayo sitaitaja jina. Mimi na Fausta tulipewa chumba kimoja nyuma ya stoo: vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, na kamba ya kuanikia masweta ambayo hayakukauka kamwe. Jumapili tulipika sufuria kubwa la makande, tukayala hadi Jumatano, na siku ambazo shangazi yake alileta maziwa ya mgando tulijiona matajiri. Fausta alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, na alikuwa na tabia ya kuongea huku anatafuna. Kwa hiyo habari za wodi nilizipata pamoja na mahindi. Mwaka ule alianza kurudia sentensi moja. “Mtoto anachomwa dawa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, homa haishuki. Ni kama tunamchoma maji.” Aliisema mara ya kwanza kwa mshangao. Mara ya tatu aliisema akiwa ameweka kijiko chini, na hakukishika tena siku hiyo.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ua ambako ndugu wa wagonjwa walipika. Mzee Akonaay ndiye aliyekuwa mkuu wake. Mwaka ule tulikuwa tumeanza kazi mpya ya kuotesha damu. Damu ya mtu mwenye afya haina bakteria hai ndani yake. Ni kama chumba kilichofungwa. Bakteria wakiingia na kuzaliana mle, wanasambaa mwili mzima kwa saa chache, na kwa mtoto mchanga hizo saa ni chache zaidi. Basi tunachukua damu kidogo, tunaitia kwenye chupa yenye mchuzi wanaoupenda bakteria, tunaiweka kwenye kabati la joto. Kama wamo, mchuzi unachafuka. Hapo tunawahamishia kwenye sahani yenye chakula kigumu kilichochanganywa na damu ya kondoo. Tulikuwa na kondoo wetu wa kazi hiyo, dume jeupe tuliloliita Mheshimiwa, kwa sababu lilikula, likakaa, na kutoa kidogo sana kwa mwaka. Juu ya sahani nyingine tunapanga vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayoweza kuua inaacha mviringo safi kukizunguka kidonge chake. Dawa iliyoshindwa haiachi kitu, bakteria wanaota hadi ukingoni mwa karatasi. Huo ndio usugu, na unauona kwa macho yako. Watu wengi hadi leo hudhani kwamba ni mwili wa mgonjwa unaozoea dawa. Hapana. Mgonjwa hana kosa lolote mwilini mwake. Aliyejifunza ni mdudu.

Jumatatu moja, mvua zikiwa zimechanganya, waliletwa mama na mtoto kutoka Gehandu, ng'ambo ya mlima Hanang. Mtoto alikuwa na siku mbili duniani na homa kali. Mama naye alikuwa na homa, na maumivu ya mkojo yaliyomsumbua tangu kabla ya kujifungua. Alikuwa hoi, kwa hiyo aliyejibu maswali alikuwa mama mkwe wake, mama mtu mzima wa jamii ya wafugaji, amevaa shuka jekundu na bangili za shaba kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Wote tulimwita bibi. Nilichukua damu ya mtoto na mkojo wa mama, nikatoa fomu.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Wewe ndiyo wa kuchukua damu? Ni mdogo hivi?”

“Ndiyo mimi, bibi. Naomba nikuulize. Kabla ya kujifungua, mama alikunywa dawa yoyote?”

“Hapana. Hakunywa.”

“Hata kidonge kimoja?”

“Nimesema hakunywa. Mimi nalala naye nyumba moja.”

Nikaandika “Hapana” kwa kalamu ya bluu, nikashukuru, nikaenda zangu. Lile neno nililiandika kwa mwandiko mzuri.

Jumanne chupa ya mtoto ikachafuka. Jumatano sahani zikaota, na Alhamisi asubuhi nikasoma vidonge peke yangu, kwa sababu Mzee Akonaay alikuwa ameteremka mjini Katesh kufuata vifaa. Kwenye damu ya mtoto kulikuwa na bakteria aitwaye Klebsiela. Kwenye mkojo wa mama kulikuwa na E. koli. Ni viumbe wawili tofauti, kama mbuzi na kondoo walivyo tofauti. Lakini nilipopima mviringo nikapata mfuatano ule ule mmoja. Seftriaksoni, dawa aliyokuwa akichomwa mtoto tangu Jumatatu: hakuna mviringo. Jentamaisini, aliyochomwa pamoja nayo: hakuna. Tetrasaiklini: hakuna. Amikasini: mviringo mpana, safi, kwa mama na kwa mtoto. Nilipima mara tatu kwa rula, kisha nikapeleka karatasi wodini. Fausta aliipokea. Nyuma yake nilimwona mtoto amelala bila kugeuza kichwa, tumbo limejaa, ngozi ina rangi ya majivu.

Kati ya maabara na chumba cha chai cha madaktari kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Saa nne nilisikia vikombe, kisha sauti ya Daktari Elia, kijana makini ambaye usiku na mchana alikuwa peke yake na wodi tatu.

“Wadudu wawili wa aina tofauti, kwa watu wawili, halafu dawa zinazoshindwa ni zile zile? Huyo binti amechanganya sahani.”

“Ana miezi miwili tu kazini,” akasema mwingine.

“Na fomu yake mwenyewe inasema mama hakutumia dawa yoyote. Sasa usugu wote huo umetoka wapi, umeshuka na ukungu?” Wakacheka. Kisha sauti ya daktari ikashuka. “Amikasini inaweza kuharibu figo, inaweza kumwachia mtoto uziwi. Siwezi kumpa mtoto wa siku tano kwa sahani ya kubahatisha. Nikimziba masikio, nitamwambia nini mama yake?”

Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye, naona kwamba hakusema neno hata moja la kipuuzi. Kila alichosema kilifuata kutoka kwenye karatasi aliyopewa. Siku ile lakini nilisimama nyuma ya mbao zile, nikajiuliza kama kweli nimechanganya. Nilirudi kwenye kabati, nikaangalia alama za sahani moja moja. Sikuwa nimechanganya. Ila sikuwa na jibu la swali lake: usugu umetoka wapi? Na mtoto alikuwa akiendelea kuchomwa maji, kama alivyosema Fausta.

Saa sita nilitoka uani kumpelekea Mheshimiwa majani. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wanapika. Yule bibi wa Gehandu alikuwa amechuchumaa kando ya mafiga na mama mmoja wa Daudi, wakisonga ugali kwenye sufuria la kuazimana, wakibishana kuhusu ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba.

“Usikamue tu,” bibi alikuwa akisema. “Mchome ile ya chupa ya njano. Kijana wangu anachoma mwenyewe. Ng'ombe anapona. Hata mkwe wangu mkojo ulipomuuma alimchoma hiyo hiyo, siku tano. Akapata nafuu, halafu ikarudi.”

“Mkwe wako? Ya ng'ombe?”

“Ng'ombe si ana damu? Na mtu ana damu.”

Majani yalinianguka. Ile ya chupa ya njano, kwenye kila duka la mifugo la huku, ni tetrasaiklini. Nilienda nikachuchumaa mbele yake.

“Bibi, samahani. Jumatatu nilikuuliza kama mama alikunywa dawa.”

“Uliuliza.”

“Ukasema hapana.”

“Ukauliza alikunywa. Hakunywa. Alichomwa.”

“Lakini bibi, sindano si dawa?”

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni njia. “Dawa inanywewa, binti. Mizizi, majani, unachemsha, unakunywa. Sindano ni sindano. Ungeuliza sindano ningekwambia sindano.”

Hakuwa amenidanganya hata kidogo. Sisi wote wa huku Kiswahili tumekikuta shuleni au sokoni, kila mmoja amekibeba kwa namna ya nyumbani kwao, na mimi nilikuwa nimelitupa neno langu bila kuangalia limeangukia wapi. Tangu mwaka ule sijawahi tena kumuuliza mgonjwa kama alikunywa dawa. Nauliza: umekunywa nini, umechomwa nini, umepakwa nini, umewekewa nini jichoni au kwenye kidonda. Wanafunzi wangu hunicheka kwa mlolongo huo. Nawaacha wacheke, mradi wauulize.

Nilirudi maabara, nikafungua jalada, nikaitoa ile fomu, iliyokuwa imesharudi kutoka wodini. Kwenye ule mstari, baada ya “Hapana”, palikuwa na nafasi nzuri kabisa. Ningeweza kuongeza “kwa kinywa, alichomwa tetrasaiklini siku tano”, kwa kalamu ile ile ya bluu, na ingeonekana kama niliandika Jumatatu. Daktari angejilaumu kwamba hakusoma hadi mwisho. Nilikuwa kwenye majaribio; barua ya kunithibitisha au kunirudisha nyumbani ilikuwa inategemea karatasi kama hizi. Nilikuwa nimeshagusa karatasi kwa ncha ya kalamu Mzee Akonaay alipoingia, koti limelowa, boksi la vifaa begani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Unaandika nini?”

Ningeweza kusema chochote. Nilimweleza yote, pamoja na nilichokuwa karibu kukifanya. Hakunikaripia. Aliweka boksi, akachukua kalamu nyekundu mezani, akanipa. “Piga mstari mmoja juu ya hilo neno, lisomeke bado. Andika la kweli pembeni. Weka sahihi na saa.” Nilipomaliza akazichukua sahani zote mbili, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akasema, “Twende. Utasema wewe.”

Tulimkuta Daktari Elia kando ya kitanda. Mama alikuwa amejiegemeza ukutani na titi mkononi, mtoto halishiki. Bibi alikuwa amesharudi. Nilimpa daktari fomu, nikasema: “Daktari, nilikosea. Mama alichomwa sindano ya ng'ombe, siku tano. Niliuliza vibaya.” Alisoma lile neno jekundu, akauma mdomo.

“Hiyo ni tetrasaiklini,” akasema. “Mzee, mimi simpi mtoto huyu tetrasaiklini. Ishindwe isishindwe, inahusiana nini na seftriaksoni?”

 Mzee Akonaay alimgeukia bibi. “Bibi, hizi bangili ulizaliwa nazo?”

“Nizaliwe nazo? Ningempasua mama yangu!”

Hata mgonjwa akatabasamu. “Zote alikupa mama?” Mzee akauliza.

“Hizi tatu za mama. Hii nilipewa na jirani, wa ukoo mwingine kabisa. Tulikuwa tunapendana.”

“Umesikia, daktari,” Mzee akasema. “Bakteria naye ana urithi wake mkubwa wa jeni, ule anaompa mtoto wake anapogawanyika. Lakini wengine wana pia kipete kidogo cha pembeni, kama hii bangili ya jirani. Akikutana na jirani humo tumboni, anaungana naye, anampa nakala. Na hachagui ukoo. E. koli anampa Klebsiela. Kwenye hicho kipete jeni zimefungwa kwa safu. Moja inatengeneza pampu ya kuisukuma tetrasaiklini nje. Nyingine inatengeneza mkasi unaokata dawa za jamii ya seftriaksoni kabla hazijafanya kazi. Nyingine inaiharibu jentamaisini. Walipomchoma tetrasaiklini, wadudu wasio na kipete walikufa. Waliobaki ni wenye nacho, nacho kikabaki na vyote vilivyofungwa juu yake, hata vile ambavyo hakuna aliyeviita. Mtoto amevikuta njiani akizaliwa. Binti hakuchanganya sahani. Ni kipete kimoja kwenye mikono miwili.”

Nimewaeleza watu jambo hilo mara nyingi sana tangu siku ile, darasani na vijijini, na sijapata njia bora kuliko ile. Hatukuwa na mashine ya kusoma jeni; Mzee alikuwa anasoma mviringo na akili yake tu. Tulipeleka bakteria wale kwenye maabara kubwa, na miezi mingi baadaye tulijibiwa kwamba ndivyo ilivyokuwa, kipete kile kile kwa wote wawili. Lakini jibu lililokuja baada ya miezi mingi lisingemsaidia mtu aliyebakiwa na saa chache tu.

Daktari Elia alimtazama mtoto. “Mviringo wa amikasini?”

“Mpana, daktari,” nikasema. “Nimeupima mara tatu.”

“Tunazo chupa chache stoo, zimewekwa kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu.” Alikuwa anajisemea mwenyewe. Kisha akanitazama. “Utanipimia figo zake kila asubuhi. Ukichelewa siku moja, naiacha.” Akamwandikia mtoto, kisha mama. Fausta alikuwa ameshaondoka mbio kuelekea stoo kabla kalamu haijafungwa.

Ijumaa hali ya mtoto ilikuwa mbaya zaidi. Fausta alirudi chumbani akalala na viatu, na chakula tulichokuwa tumepasha kikapoa. Nilipima figo, nikapeleka karatasi, nikarudi, nikakaa. Nilifikiri kwamba kama atakufa sasa, atakufa kwa zile saa kati ya Jumatatu na Alhamisi, na ndani ya saa hizo limo neno langu. Sijui hadi leo kama fomu sahihi ingemfanya daktari aamue mapema. Sahani zenyewe zilikuwa hazijaota. Nimejieleza hivyo mara nyingi. Ni kweli, na haitoshi. Jumamosi homa ikashuka kidogo. Fausta akaangusha trei ya bati na mtoto akaruka mikono yote miwili hewani, na Daktari Elia, aliyekuwa mlangoni, akasema, “Masikio yapo,” akaondoka haraka kana kwamba ameona aibu. Jumapili mtoto alishika titi. Siku hiyo hiyo nilichukua damu ya pili. Mtoto anaweza kuonekana mzima na bado damu ikawa na wageni, na dawa ile haikuwa ya kuendelea nayo kwa kukisia.

Chupa ile niliitazama Jumatatu kama ninavyomtazama mtu anayelala. Jumanne asubuhi ilikuwa bado angavu, rangi ya chai ya rangi. Mzee Akonaay aliiinua, akaitikisa, akaichungulia, akairudisha. Hapo bibi akatokea dirishani. Fausta alikuwa amemwambia kwamba damu ya mtoto imepandwa maabara na leo itajulikana.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Ile damu imeota?”

“Haijaota, bibi,” nikasema kwa furaha. “Haijaota kitu.”

Alishika ukingo wa dirisha, akaketi chini uani, shuka likatandazika kwenye matope. Hakulia. Alianza kusema kitu kwa lugha yao, polepole. Nilikuwa nimefanya kosa lile lile mara ya pili kwa wiki mbili. Kwa mtu wa tambarare za Hanang, kitu ambacho hakikuota ni majani, na majani yasipoota ng'ombe wanakufa, kisha watoto. Nilitoka mbio na glavu mkononi, nikapiga magoti kwenye matope yale.

“Bibi, sikiliza. Tulipanda damu tukiwatafuta wadudu. Wadudu ndio hawajaota. Hawapo. Damu ya mtoto ni safi.”

“Hawapo?”

“Hawapo, bibi.”

“Basi kutoota ni kuzuri?”

“Hapa kwetu ni kuzuri.”

“Kazi yenu ya kupanda kinyumenyume,” akasema, akanipa mkono nimwinue. Aliingia nami hadi ndani ya maabara, jambo lisiloruhusiwa, akaomba aonyeshwe chupa. Aliitazama. Kisha akanivua glavu zenye matope, akanishika viganja, akavifunua, akavitemea mate kidogo, taratibu, akisema maneno ya baraka ya kwao.

Mzee Akonaay alikuwa mtu aliyewahi kumfukuza daktari mle ndani kwa kutafuna karanga. Nilimtazama kwa hofu. Aliweka kalamu chini, akavua glavu, moja kisha ya pili, akaja akasimama kando yangu, akainamisha kichwa na kukunjua viganja vyake.